Fito Zimeelekea Korongoni

Mtaa wa Kanisani,
Saint-Aubrin-le-Haut,
Savoie.

Jumatano, 3 Desemba 1986

Mpendwa binti yangu Odile,

Pokea salamu zangu nyingi huko Brest, wewe na mumeo Ronan na mjukuu wangu Bastien. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Kikohozi cha Bastien kimekwisha, au upepo wa bahari bado unamchokoza kifua? Na mama mkwe wako, mguu wake umeunga sawasawa? Mwambie nimemuulizia, na kwamba siku akija huku sitamruhusu akanyage ngazi ya darini hata akinipigia magoti.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula, tunalala na tunagombana kama kawaida. Goti langu la kushoto linauma kila hewa inapogeuka, lakini tumeshazoeana. Ng'ombe wa jirani yetu Clovis wameshuka kutoka malishoni tangu Oktoba na wamefungwa mazizini, kwa hiyo kijiji kizima kinanuka samadi na majani makavu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisema hiyo ndiyo harufu ya Krismasi.

Barua yako ya kusema mnakuja kwa likizo ya Februari ilitufurahisha mno. Miaka sita hujakanyaga theluji ya kwenu. Mtalala chumba kilicho juu ya jiko, maana ndicho chenye joto. Magodoro nimekwisha kuyaanika juani wiki mbili zilizopita, na yule panya aliyekuwa akiishi ndani ya godoro kubwa amehama kwa hasira.

Mkishuka Moûtiers asubuhi na treni ya Paris, msipande basi la kwanza. Linajaa wageni na skii zao mpaka dereva hapati pa kuweka kiwiko. Ngojeni la pili, dereva wake ni mtoto wa Ginette wa posta, atawashusha mlangoni. Bastien aje na suruali mbili za sufu na soksi za kutosha, mengine yapo. Niletee siagi ya chumvi ya huko kwenu, ila usiitaje mbele ya Clovis, kwa sababu siagi tunayokula hapa anaitengeneza yeye na anajivunia.

Skii msikodi. Baba Mkubwa wako amezitoa darini skii zako za utotoni, zile za mbao, akazipiga msasa na kuzipaka nta mpaka nyumba nzima, hata mkate, ikawa inanuka nta. Sasa anataka kujua ukubwa wa kiatu cha Bastien ili afunge vishikizo. Ananiuliza kila siku kama umeshaandika. Hapa ndipo furaha ya barua hii inapoishia, mwanangu. Kama umesimama, vuta kiti ukae.

Ninaandika leo kwa sababu kaka yangu, huyo Baba Mkubwa wako, amekwenda kwa Clovis kusaidia kuchinja nguruwe wa mwaka, na hatarudi kabla ya jioni. Kupiga simu nimeogopa. Simu iko jikoni, na jikoni ndiko anakoshinda.

Odile, Baba Mkubwa wako haoni.

Si kipofu wa kushikwa mkono. Ukimkuta barabarani utasema ni yule yule Séraphin, mgongo wima, kofia imeinama upande. Anatembea vizuri, anapasua kuni, hajikwai. Lakini katikati ya macho yake pamekufa. Pembeni anaona, ila kile anachokikazia macho ndicho kinachofutika. Akikutazama usoni anaona masikio yako na mabega yako, na mahali pa uso pana ukungu. Ndiyo maana siku hizi anazungumza na watu akiwa ametazama kando, na wengine kijijini wanasema uzee umemtia kiburi. Karata nazo ameziacha. Anakaa mkahawani anawacheka wenzake wanavyocheza, na kusema mchezo umemchosha.

Na wewe unajua anachokingoja mwaka huu. Bastien anatimiza miaka saba Januari. Katika nyumba yetu, ya akina Bermond, mtoto wa miaka saba hupanda mpaka Msalabani kule juu mlimani na mwanamume mkubwa wa nyumba, kisha hushuka nyuma yake kwa skii mpaka ukuta wa kanisa. Hapewi fimbo za mkononi. Haruhusiwi kutazama mlima wala bonde, anatazama visigino vya aliye mbele tu. Anaambiwa maneno mawili: nilipopita, pita. Akifika ukutani anapewa bakuli lake la mbao lililochongwa jina, na tangu siku hiyo hula mezani na wakubwa.

Wewe ulishuka mwaka 1958. Ulilia nusu ya njia, nusu iliyobaki ukaimba. Mimi nilikuwa ukutani na ndugu yangu Gaspard, marehemu baba yako. Gaspard alinishika mkono mpaka ukafa ganzi, na ulipotokea chini ya pale panapoitwa Kiuno, nyuma ya kaka yetu, mdogo kama kifungo, baba yako alikaa chini kwenye theluji. Kaka amewashusha watoto kumi na mmoja wa ukoo wetu kwa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyevunjika ukucha. Bastien ni wa kumi na mbili, na ni mjukuu wa Gaspard. Kaka ameshamchongea bakuli. Nimeliona limefichwa nyuma ya gunia la viazi. Herufi zimepanda na kushuka, na T imekosa nafasi, imechongwa chini ya jina.

Sasa nikueleze nilivyojua kwamba mambo yamefika pabaya.

Unakumbuka zile fito. Kila mwaka baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, kabla theluji haijafunika njia, Baba Mkubwa wako husimika fito arobaini kutoka nyumba ya mwisho ya kijiji mpaka Msalabani, kila moja na kitambaa chekundu kichwani. Siku za ukungu watu wa vitongoji vya juu hutembea kutoka ufito hadi ufito, na hakuna anayejiuliza kama ziko sawa, kwa kuwa ni fito za Séraphin. Hatumii kamba wala kipimo. Akisimika ufito mpya husimama nyuma yake na kutazama chini. Ule uliotangulia ukificha ncha ya mnara wa kanisa, mstari umenyooka. Usipoificha, anaung'oa huu mpya na kuanza tena. Ndivyo alivyofundishwa na baba yetu.

Tarehe kumi na nne Novemba nilipanda juu ya Mwamba Mweusi kuokota matunda ya waridi mwitu ya kupikia jemu, maana baridi ya kwanza ilikuwa imeshayalainisha. Nilipojaza kikapu nikageuka kupumzika, nikaitazama njia kwa chini. Fito zilipanda vizuri mpaka ya ishirini na mbili. Baada ya hapo zikaanza kwenda kushoto kwangu kidogo kidogo. Pale Kiunoni, ambapo njia inabana kati ya mwamba na korongo la Nant, zilikuwa zimesimama kwenye ukingo kabisa wa korongo. Moja ilikuwa imeinamia shimo. Kisha zikarudi kulia polepole na kuufikia Msalaba, maana Msalaba ni mkubwa, hata yeye anauona.

Kwanza nilidhani ni mbuzi, kisha upepo. Kisha nikaelewa, nikakaa juu ya jiwe. Alisimama nyuma ya kila ufito kama kawaida, akatazama chini, na ncha ya mnara haikuonekana. Akaridhika. Siku hizi ncha ya mnara haionekani kila anapoitazama, hata kama hakuna ufito wowote mbele yake.

Sikumwambia. Unaijua hasira yake, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui nianzie wapi. Siku mbili zilizofuata alikuwa msituni na Clovis wakikata kuni. Nikachukua mtaimbo wa marehemu baba, nikapanda peke yangu, nikazing'oa fito kumi na kuzisimika upya, nikipima kwa mnara. Ardhi ilikuwa imeanza kuganda. Mikono ilichubuka, nikamwambia kaka nimechubuka kwa kusugua sufuria, na yeye akasema sufuria za nyumba hii hazijawahi kupata heshima kama hiyo.

Nilidhani mambo yamekwisha. Jumamosi iliyopita, redio ikiwa imesema theluji itashuka, alipanda kukagua fito zake kwa mara ya mwisho. Alirudi uso umemvimba kwa hasira.

"Kuna mtu amechezea fito zangu," akasema.

"Nani achezee fito?"

"Vijana wa hotelini. Wale wenye suruali za kubana. Fito kumi zimehama. Nimehesabu hatua, nimepapasa chini, matundu yangu yako wazi pembeni. Mtu akifuata mstari huo na ukungu atakwenda wapi? Wana akili kweli hao?"

Akachukua mtaimbo nyuma ya mlango. Alikuwa anakwenda kuzirudisha fito korongoni, Odile, saa ile ile, kabla ya theluji. Watu wa vitongoji vya juu wangezifuata majira yote ya baridi. Nikasimama mlangoni.

"Léo, nipishe," akaniambia.

"Sikupishi."

"Una nini leo wewe?"

"Fito nimezihamisha mimi."

Akacheka. "Wewe? Msumari wa kutundikia kikaango ulinisubiri mimi wiki nzima."

"Nimezihamisha mimi, kaka, kwa mtaimbo huo huo. Zilikuwa zinaelekea korongoni."

"Fito zangu?"

"Fito zako. Moja nimeikuta imening'inia."

Akauegemeza mtaimbo ukutani, lakini aliukosa ukuta, ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Hakuna aliyeuokota.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu tarehe kumi na nne, siku ya matunda."

"Sikuulizi fito, Léo. Nakuuliza macho."

Nikamwambia ukweli. "Tangu Pasaka. Ukimimina kahawa unatia kidole kikombeni."

"Nilidhani nafanya kwa siri."

"Unaungua, kaka, halafu unakinyonya kidole. Siri gani hiyo?"

Hapo alicheka kidogo, nami nikacheka, tukakaa mezani kama wezi wawili waliokutana katika nyumba moja. Akanieleza kwamba yeye amejua kwa miaka miwili. Ile siku aliyoteremka mjini akasema anakwenda sokoni kununua kamba, alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari alimwambia miwani haitasaidia, kisu hakitasaidia, pembeni patabaki na katikati pataendelea kuliwa. Alinunua kamba kweli wakati wa kurudi, nisije nikamuuliza. Kamba hiyo haijafunguliwa mpaka leo.

Alikubali fito zibaki nilipozisimika. Hilo limekwisha, na usiku ule theluji ilishuka, kwa hiyo hata angetaka kubadili asingeweza. Nilishukuru Mungu mapema mno. Baada ya supu alisukuma bakuli kando na kusema, "Odile asijue."

"Atajuaje kumzuia mtoto asishuke nyuma yako, asipojua?"

"Ndiyo maana asijue."

"Kaka, Kiunoni ukichelewa kukata kulia hatua kumi tu, chini hakuna theluji tena."

"Njia ile naijua kwa magoti."

"Magoti hayo hayo ndiyo yaliyozipeleka fito korongoni."

Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Kisha akaanza kuongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na mimi nina miaka sitini na sita, nimemjua yeye kabla sijajua kutembea. Kaka yangu aliniomba. "Mara moja tu, Léo. Siku ya jua kali, theluji ikiwa nzuri. Nishuke na mjukuu wa Gaspard, halafu skii nazipandisha darini, sitazigusa tena. Tangu uliporudi nyumbani hapa ulipofiwa na mumeo, nimewahi kukuomba kitu?"

Hajawahi. Hata chumvi hujichukulia mwenyewe.

Nikasema sawa. Akanyoosha mkono juu ya meza, nikaushika, tukapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe. Hapa kwetu unajua maana yake. Baada ya mkono hakuna maneno.

Siku nne nimezunguka na mkono huo. Nimeukanda mkate nao, nimemfungia kamba za viatu nao, na leo naushikia kalamu. Naona aibu, Odile. Naandika huku nikisikiliza mlango. Katika maisha yangu nimemdanganya kaka kuhusu sufuria na kuhusu divai iliyobaki, mambo ya nyumbani, lakini mkono wangu haujawahi kumgeuka.

Kuna saa najiambia kwamba namwonea. Pengine kweli anaijua njia ile kwa magoti. Majuzi nilimtazama akishuka kwa skii kutoka zizi la Clovis, jua linawaka, akapinda kushoto, akapinda kulia, akasimama mbele yangu bila kunirushia hata chembe ya theluji. Ungemwona ungelia kwa furaha. Nikasema moyoni, mwache mzee apate siku yake. Kisha nikamwona ananyoosha mkono kutafuta kitasa cha mlango, anakitazama moja kwa moja, na mkono unapapasa ubao. Nikamkumbuka Bastien, hana fimbo, ameinamisha kichwa, anatazama visigino na anapita vinapopita.

Ningeweza kumwomba Clovis ashuke mbele, na kaka amfuate. Nimelifikiria. Kaka hatakubali, na Clovis akijua, kijiji kizima kitajua kabla ya misa ya Jumapili. Ningeweza pia kungoja, nikatumaini theluji mbaya mwezi wa Februari. Nimewahi kuiombea dua mbaya theluji, mimi niliyezaliwa humu, na wenzangu wote wanaishi kwa wageni wanaoifuata. Umeona nilipofika.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na usiyatenganishe.

La kwanza, mje. Msiahirishe, msiende hotelini, msipeleke likizo yenu mahali pengine kwa kuogopa. Msipokuja, kaka atajua kwamba nimesema, na atakaa jikoni mpaka siku anazikwa. Bastien ajifunze na wale walimu wa skii wenye sweta nyekundu kwenye mteremko mdogo, pale karibu na shule. Mchana ale na Baba Mkubwa wako, wakachonge mbao, wakakamue ng'ombe kwa Clovis. Mikono ya kaka haijapungukiwa na kitu, na kichwa chake kimejaa hadithi za uongo zinazomtosha mtoto yeyote.

La pili, Bastien asishuke nyuma yake. Lisemee wewe, kwa jina lako, mapema, kabla hajafunga vishikizo. Mimi nimefungwa mkono. Ukitaka, msingizie Ronan. Mtu wa baharini anaruhusiwa kuogopa mlima, na kaka siku zote amekuwa akisema mumeo ana miguu ya bata. Au sema kwamba wewe mwenyewe uliogopa mwaka ule kuliko ulivyowahi kukiri, na hutaki mwanao aogope hivyo. Au sema kweli yote, unitaje na mimi. Nimekwisha kuiwazia hiyo pia. Nitakaa naye nyumba moja akiwa ameninunia, nimeshakaa naye akiwa ameninunia kwa sababu ya kuku. Chagua wewe, ila chagua kwa upole. Wewe ni damu ya Gaspard, na tangu Gaspard afe ni neno lako pekee ambalo kaka hulipokea bila kulibishia.

Usipige simu. Andika. Ginette akileta barua kaka ndiye anayeipokea mlangoni, anaigeuzageuza, anainusa kama ina bahari, kisha ananipa mimi. Tangu Pasaka mimi ndiye macho ya barua katika nyumba hii. Yeye hukaa mbele yangu, mikono magotini, na kuniambia nisome polepole. Jibu lako nitalisoma hivyo hivyo, kwa sauti, na nitatakiwa nishangae kama ndiyo kwanza nasikia. Uso wangu hatauona. Lakini sauti yangu ameijua tangu siku niliyozaliwa, na mahali nitakapoyumba atapasikia.

Nisalimie Ronan, na usimwonyeshe pale pa miguu ya bata. Nisalimie mama mkwe wako na mguu wake. Clovis na mkewe Mathurine wanawasalimu, na Padre anauliza kama Bastien ameshajifunza sala zake au bado anamsalimu Bikira Maria kwa kupunga mkono. Mbusu mtoto kwa ajili yangu kwenye mashavu yote mawili, na kwa ajili ya Baba Mkubwa wako mbusu juu ya kichwa.

Mungu awafunike nyote watatu huko mliko, awafikishe kwetu salama, na aushike mkono wako unapoandika jibu, upate maneno ambayo nitaweza kuyasoma mpaka mwisho.

Shangazi yako akupendaye,
Léocadie